Nipanue tundu la egzosi la pikipiki yangu?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda na kijiwe changu kiko Buhongwa, hapa Mwanza. Pikipiki yangu ni ya cc 150, ya kabureta. Niliinunua mpya na sasa inaingia mwaka wa nne. Zamani nikimpakia abiria wa Bugando nilikuwa naupanda ule mlima wa hospitali kwa gia ya pili, siku hizi lazima nirudi ya kwanza. Rafiki yangu mwenye mashine ya boti pale Mwaloni ameniambia kwamba tundu la egzosi likichongwa injini inapumua na nguvu inaongezeka sana. Fundi mmoja wa Mabatini amekubali kulipanua kwa shilingi 80,000, kuling'arisha liwe kama kioo, na kutoa vizuizi vya ndani ya sailensa. Je, ni kweli nguvu itaongezeka? Injini haitaharibika? Na huyo fundi nimwambie nini?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Rafiki yako amekueleza jambo la kweli, ila linahusu injini yake na halihusu yako. Mashine nyingi zinazosukuma mitumbwi ya ziwa letu ni za mapigo mawili, zile za kuchanganya oili na petroli, wakati pikipiki yako ni ya mapigo manne. Zote mbili zina kitu kinachoitwa tundu la egzosi, lakini vitu hivyo vinafanana jina tu, na nimeona hedi nyingi (vifuniko vya juu ya silinda) zikiharibiwa na mafundi wenye mikono mizuri kabisa kwa sababu walijifunza kazi hii kwenye mashine za boti kisha wakaihamishia kwenye pikipiki bila kuitafakari upya.

Katika injini ya mapigo mawili, tundu la egzosi ni dirisha lililokatwa kwenye ukuta wa silinda yenyewe, na pistoni ndiyo mlango wake: ikishuka inalifungua, ikipanda inaliziba. Ukichonga ukingo wa juu wa dirisha hilo, mbali na kuipanua njia umebadilisha pia saa ya injini, kwa kuwa moshi sasa unaanza kutoka mapema zaidi na dirisha linachelewa kuzibwa. Kwa injini yenye mwendo wa pistoni wa milimita 50 hivi, kila milimita 1 unayopandisha ukingo huo huongeza kati ya digrii 4 na 5 za mzunguko wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) katika muda ambao dirisha liko wazi. Hayo ni mabadiliko makubwa, na injini huyahisi mara moja: inapata nguvu kwenye mizunguko ya juu na kuipoteza kwenye mizunguko ya chini, kwa sababu muda wa kusukuma pistoni umepunguzwa na sehemu ya mgandamizo imepotea pamoja nao.

Nilijifunza hilo kwa gharama ya mtu mwingine. Nilipokuwa kijana wa umri wako, nikifanya kazi kando ya ziwa, pale Kirumba, nilipandisha tundu la egzosi la mashine moja ya boti kwa milimita 2 kwa sababu mwenyewe alitaka kuwahi soko la dagaa akitokea Ukerewe. Mtumbwi ukiwa mtupu uliruka juu ya maji, tukashangilia. Ulipojazwa magunia, mashine haikuweza kabisa kufika kwenye ile mizunguko ya juu ambako nguvu yake mpya ilikuwa imehamia. Ikawa inanguruma tu huku panga likizunguka polepole. Ukingo ukishakatwa haurudishwi, na mwenye mashine alilazimika kununua bloku nyingine. Watu waliobobea katika injini hizi walilijua tatizo hilo zamani. Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ cha Ujerumani Mashariki, alichezea matundu na mabomba ya egzosi mpaka mwaka 1961 injini yake ya mbio ya cc 125 ikatoa nguvu inayolingana na farasi 200 kwa kila lita ya ujazo, lakini nguvu hiyo ilikuwa imebanwa kwenye mizunguko michache ya juu, na dereva aliyeshuka chini ya hapo alikuwa hana kitu mkononi. Yamaha baadaye waliamua kuweka kwenye tundu hilo kipande kinachozunguka, kinachoshusha ukingo injini ikienda polepole na kuupandisha inapokimbia. Mtengenezaji asingeingia gharama hiyo kama kupandisha ukingo kungekuwa faida tupu.

Sasa tuje kwenye pikipiki yako. Humo mlango ni valvu, na saa ya mlango huo inashikwa na kamshafti, mhimili unaozifungua valvu kwa zamu. Tundu la egzosi ni ujia mfupi ndani ya silinda hedi, unaoanzia nyuma ya valvu, unakata kona, na kuishia pale bomba la egzosi linapofungwa kwa stadi (boliti) zake. Hata ukiupanua ujia huo mpaka ngumi ipite, valvu itafunguka na kufunga wakati uleule. Kinachobadilika ni kasi ya moshi tu, na kwa sehemu kubwa kinabadilika kuelekea usikokutaka.

Valvu ya egzosi katika injini za namna hii kwa kawaida huanza kufunguka digrii 40 hadi 60 kabla pistoni haijafika chini kabisa, wakati ndani ya silinda bado kuna shinikizo kubwa mara kadhaa kuliko la hewa ya nje. Moshi mwingi hutoka hapo kwa msukumo wake wenyewe, kabla pistoni haijaanza kupanda, na katika upenyo mwembamba kati ya valvu na siti yake (pete ambayo valvu huikalia inapofunga) hukimbia kwa kasi ya sauti, ambayo katika moshi wa moto kiasi hicho ni zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Kilichobaki husukumwa na pistoni. Angalia basi ni wapi panapobana. Chukua valvu yenye kipenyo cha milimita 24: upenyo unaoizunguka hulingana na eneo la uso wake pale tu inaponyanyuka milimita 6, yaani robo ya kipenyo, na kamshafti ya kawaida ya injini ndogo hainyanyui zaidi sana ya hapo. Maana yake ni kwamba kwa muda mwingi wa kutoa moshi kizuizi ni valvu yenyewe, siti, na sentimita moja hivi ya njia iliyo nyuma yake. Mdomo wa nje wa tundu, ule ambao fundi anauona vizuri na grenda yake inaufikia kwa urahisi, ndio sehemu isiyobana kitu.

Kuhusu kasi, tupige hesabu kidogo, kwa sababu milimita hudanganya macho. Silinda yenye kipenyo cha milimita 57 na mwendo wa pistoni wa milimita 58 ina ujazo wa cc 148, karibu sawa na yako. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni husafiri kwa wastani wa mita 11.6 kwa sekunde, na moshi unaosukumwa nayo kupitia tundu la milimita 24 huenda kwa wastani wa mita 65 hivi kwa sekunde. Panua tundu hilo hadi milimita 28, ongezeko ambalo fundi ataliita dogo, na eneo lake litakuwa limekua kwa asilimia 36, wakati kasi imeshuka hadi mita 48. Sasa fikiria mlima wa Bugando, ambako krenki inazunguka labda mara 3,000 tu: kasi ya mita 33 inakuwa 24. Wastani huu hauhesabu ule msukumo wa kwanza niliousema, lakini unakuonyesha mwelekeo wa mambo.

Kasi hiyo ina kazi maalumu. Mwishoni mwa pigo la kutoa moshi kuna muda mfupi ambapo valvu zote mbili ziko wazi kidogo. Moshi uliokuwa unakimbia huacha nyuma yake mvuto unaonyonya mabaki kutoka silindani na kuanza kuvuta mchanganyiko mpya wa hewa na petroli kabla pistoni haijaanza kushuka. Moshi unaojikokota hauna mvuto huo. Unasita, na wimbi linaporudi kutoka kwenye bomba linaukuta hauna nguvu ya kupingana nalo, basi sehemu yake inarejea silindani na kuchukua nafasi ya mchanganyiko mpya. Hasara hiyo huonekana zaidi kwenye mizunguko ya chini na ya kati, pale hasa ambapo pikipiki ya abiria huishi siku nzima.

Jibu la swali lako la kwanza ni hilo: tundu likipanuliwa kwa namna uliyoelezwa, ukiwa na kamshafti ileile, valvu zilezile na kabureta ileile, mlimani utapoteza. Huenda ukapata kidogo kwenye mwendo kasi wa barabara ya Usagara, kama una haja nao.

Kabla hedi haijafunguliwa, hata hivyo, kuna jambo katika barua yako ambalo rafiki yako na fundi wako wamelipita. Pikipiki hii ilikuwa inaupanda mlima huo kwa gia ya pili, ikiwa na tundu lilelile la kiwandani. Tundu halijasinyaa kwa miaka minne, isipokuwa kama limejaa masizi. Kwa hiyo kuna kitu kimechoka, na kazi ya kwanza ni kukitafuta. Anza na nafasi ya valvu, yaani mwanya unaoachwa kati ya valvu na kinachoisukuma, ambayo kwa pikipiki nyingi za aina hii huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10 injini ikiwa baridi, lakini fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Valvu ya egzosi iliyokosa nafasi haifungi sawasawa. Haipati muda wa kutosha wa kukaa kwenye siti, na kwa kuwa sehemu kubwa ya joto lake hutoka kupitia siti hiyo, inaungua ukingo na mgandamizo unavuja. Halafu pima mgandamizo kwa geji kwenye tundu la plagi, huku umeshikilia mafuta hadi mwisho. Ukikuta uko chini, mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu hilo na upime tena: ukipanda, ringi zimechoka, usipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Angalia pia kama klachi inateleza, kama chujio la hewa limeziba kwa vumbi, na kama gasketi ya bomba la egzosi inavuja pale kwenye hedi. Ndugu zangu madereva wengi huja wakiomba kuongezewa nguvu, na tunachofanya ni kuwarudishia ile waliyokuwa nayo.

Usisahau pia kwamba unaendesha katika mji ulio juu. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama asilimia 12 kuliko Dar es Salaam. Injini isiyo na cha kuisukumia hewa hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu yake kwa sababu hiyo peke yake, na kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani huku kwetu hutoa petroli iliyozidi kiasi. Pikipiki ya mwenzako aliyeko Temeke si kipimo kizuri cha kwako.

Sasa tuseme umeshakagua yote hayo na imeonekana hedi lazima ifunguliwe kwa ajili ya kusaga valvu. Hapo kuna kazi ya tundu inayostahili kufanywa, na mimi mwenyewe huifanya. Kwanza ni kuondoa masizi yote ndani ya tundu na nyuma ya valvu, kazi ambayo kwa injini ya miaka minne huweza kurudisha njia katika upana wake wa asili bila kugusa chuma. Pili, pitisha kidole nyuma ya siti: mara nyingi utakuta kijingo, yaani ukingo mdogo uliojitokeza, pale pete ya siti inapokutana na aluminiamu ya hedi, kwa sababu mashine za kiwandani hazikukutanisha vitu hivyo viwili sawasawa, na mistari ya kalibu iliyobaki tangu hedi ilipomiminwa. Kijingo hicho kiko pale pale tuliposema panabana, hivyo kukisawazisha kuna maana kuliko kuchonga mdomo mzima. Ukimaliza, sehemu nyembamba zaidi chini ya siti ibaki kati ya asilimia 85 na 90 ya kipenyo cha valvu. Kwa valvu ya milimita 24 ni kama milimita 20.5 hadi 21.5. Pima kwa venia, usikadirie kwa macho.

Ukuta mmoja usiguswe kwa grenda kabisa, nao ni upande wa ndani wa kona, ule ulio karibu na silinda. Moshi haupendi kukata kona kali. Ukiuchimba ukuta huo, kona inakuwa kali zaidi, moshi unaachana na ukuta na kujizungusha, na tundu lililo pana kwa kipimo linapitisha moshi kidogo kuliko lilivyokuwa. Huo ukuta unalainishwa kwa msasa tu, kwa kuufuata mviringo wake. Kama kuna chuma cha kutoa, kitolewe kidogo upande wa mbali wa kona na pembeni mwa kile kinundu kinachoshikilia shina la valvu, lakini kinundu chenyewe kisikatwe, maana ni njia nyingine ya joto kutoka kwenye valvu. Kumbuka kwamba aluminiamu ya hapo si nene na matundu ya stadi yako jirani. Nimewahi kuletewa hedi iliyotobolewa mpaka kwenye uzi wa stadi, na hiyo haina dawa ya bei nafuu.

Siti yenyewe ilindwe wakati wote wa kazi kwa kuweka valvu ya zamani mahali pake, kwa sababu mkwaruzo mmoja wa grenda juu ya siti unatosha kuleta uvujaji. Grenda ipakwe nta au mafuta ya taa isishikwe na aluminiamu laini. Siti inapokatwa upya, upana wake ubaki kama milimita 1 hadi 1.5, mafundi wa mbio huipunguza zaidi ili moshi upite vizuri, lakini wao hufungua injini kila baada ya mashindano, na wewe unataka valvu ipoe na idumu. Baada ya kusaga, mimina petroli ndani ya tundu huku valvu imefungwa na plagi iko mahali pake, kisha subiri dakika chache uone kama inapenya upande wa pili. Hedi ioshwe kwa mafuta ya taa, halafu kwa maji ya sabuni, ikaushwe kwa hewa. Unga wa msasa ukibaki utamaliza ringi kabla mwezi haujaisha. Gasketi iwe mpya, na nati zikazwe kwa mkingamo, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu.

Kung'arisha kama kioo sikukatazi. Kwenye tundu la egzosi uso laini husaidia masizi yasishike haraka, tofauti na upande wa kuingiza hewa ambako ung'avu wa kioo hauna faida yoyote ya maana. Lakini msasa wa namba 120 unatosha, na baada ya mwezi mmoja ung'avu wote utakuwa umefunikwa na weusi, kwa hiyo usilipie saa tatu za kazi hiyo.

Pale bomba linapoungana na hedi, angalia kwa makini, kwa sababu hapo pana faida ya bure. Gasketi iliyobanwa vibaya huchungulia ndani ya njia, na mabomba yaliyounganishwa mitaani mara nyingi yana kilima cha weldi ndani ya mdomo. Viondoe hivyo. Bomba likiwa na kipenyo kikubwa kidogo kuliko tundu ni jambo zuri, kwa kuwa kile kidaraja kidogo huuzuia moshi unaotaka kurudi. Kinyume chake, tundu likiwa pana kuliko bomba, moshi unagonga ukuta. Fundi anayepanua tundu na kuacha bomba lilelile anatengeneza ukuta huo kwa mikono yake.

Kuhusu sailensa, mwambie aiache. Kelele ikiongezeka masikio hudhani ni nguvu, lakini urefu na vizuizi vya egzosi ya kiwandani vimepangwa kuendana na kamshafti na jeti (vitundu vya kupitishia petroli) za kabureta yako. Ukivitoa, mara nyingi mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu, injini inapata joto kupita kiasi na inapiga risasi unapoachia mafuta, na hapo utalazimika kubadilisha jeti kuu kwa kujaribujaribu huku ukiangalia rangi ya plagi. Bila hata kugusa sailensa, baada ya kazi yoyote ya hedi iendeshe kwa mafuta kamili kwa dakika kadhaa, zima injini bila kuiacha izunguke polepole kwanza, na utoe plagi: rangi ya kahawia ni salama, nyeupe maana yake ongeza petroli kabla hujachoma pistoni.

Faida ya kazi safi ya namna niliyoieleza, kwenye injini nzima yenye kamshafti ya kawaida, ni asilimia chache tu. Ukitaka mlima wa Bugando uwe mwepesi kwa fedha kidogo, badilisha sproketi ya mbele. Kama yako ina meno 15, ukifunga ya meno 14 nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa asilimia 7 katika kila gia, hedi ikiwa haijafunguliwa. Utalipa kwa mwendo kasi kupungua karibu kiasi hicho hicho na injini kupiga kelele zaidi ukielekea Usagara, na kwa dereva wa Buhongwa mwenye abiria wa mjini naona ni biashara nzuri.

Kwa fundi wa Mabatini, basi, usiende na maneno ya kumkataa. Mpelekee pikipiki apime mgandamizo na nafasi ya valvu kwanza. Akisema hedi ifunguliwe, muulize valvu yako ya egzosi ina kipenyo gani na chini ya siti ataacha milimita ngapi, kisha umwombe akuonyeshe kwa kidole ni wapi hasa grenda itapita. Akikuonyesha nyuma ya siti, mwachie kazi. Akikuonyesha ukuta wa ndani wa kona, funga hedi yako kwenye kitambaa uondoke nayo.